Pedi ya kushonea inachanika, fundo linaachia: kutafuta kosa liko wapi

Wanaojifunza kushona vidonda kwenye pedi ya ngozi ya bandia hukumbana na matatizo yanayofanana: pedi inachanika, sindano inapinda, fundo linaachia, kingo hazikai sawa. Wengi huilaumu pedi. Wachache, hasa wale wapole, hujilaumu wenyewe hata pale pedi ilipo mbovu, wakamaliza jioni nzima wakirekebisha mkono ambao hauna kosa.

Kwa hiyo kabla hujabadili chochote, jiulize: jambo hili lingetokea kwenye ngozi ya mtu? Kama jibu ni ndiyo, kosa ni la mkono, na litakufuata mpaka chumba cha kufungia vidonda cha kituo cha afya Chunya au Ludewa, usiku, mbele ya dereva wa bodaboda aliyeanguka. Kama jibu ni hapana, hilo ni la pedi. Litafutie njia ya kulizunguka, endelea na kazi. Kuna kundi la tatu pia, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: makosa ambayo pedi huyaficha. Nitayafikia.

Ninachukulia una pedi ya silikoni yenye tabaka, koleo la sindano (nidoholda), kibano chenye meno madogo, mkasi, na uzi wa nailoni 3-0 wenye sindano ya kukata iliyopinda. Kwa anayeanza, 3-0 inatosha. Namba inayotangulia sifuri ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi, na nyuzi za 5-0 na 6-0 zinazotumika usoni hazina sababu ya kukusumbua sasa.

Pedi inachanika

Usishone tena mpaka uangalie mchaniko una umbo gani. Upo unaoanzia kwenye tundu la sindano ukakimbilia ukingo wa kidonda wakati unakaza fundo. Upo mwingine ambapo tundu lenyewe limerefuka kabla hujafunga chochote. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Tuanze na ule unaokimbilia ukingo. Pima kutoka tundu mpaka ukingo. Kama ni milimita 2, umeshika nyama kidogo mno. Ingia milimita 5 hivi kutoka ukingoni, na utokee umbali huohuo upande wa pili. Kama umbali ni sawa na bado inachanika, kunja pedi pale ilipokatwa utazame ndani. Pedi nzuri ina wavu mwembamba uliolazwa kati ya tabaka. Ngozi ya binadamu haichaniki ovyo kwa sababu tabaka lake la chini limesukwa kwa nyuzi za kolajeni. Silikoni haina nyuzi, na wavu ndio unaoshika nafasi hiyo. Pedi isiyo na wavu itachanika hata mikononi mwa bingwa wa upasuaji. Usiitupe. Itumie kwa zoezi la kupitisha sindano tu, mafundo ukayafanyie kwenye kamba, na ukinunua nyingine uliza wavu kabla ya kuuliza bei. Afadhali pedi moja yenye wavu kuliko tatu laini zisizo nao.

Sababu nyingine ni kuvuta uzi kuelekea juu. Mikono inapaswa kushuka karibu na pedi, mmoja uvute huku na mwingine kule, sambamba na uso wa ngozi. Anayeinua mikono anafanya uzi uwe msumeno.

Tundu lililorefuka husema habari ya kifundo cha mkono. Sindano iliyopinda ina njia moja tu, nayo ni tao lake yenyewe. Ukiisukuma moja kwa moja mbele, mwili wake unapanua tundu kwa nguvu. Iingize ncha ikiwa wima, pembe ya nyuzi 90 kwa uso wa pedi, kisha zungusha kifundo cha mkono kama mtu anayegeuza ufunguo mlangoni, bila kusogeza kiwiko. Ukiitoa upande wa pili fuata tao hilohilo; wengi huingia vizuri halafu wakaing'oa kwa kuivuta juu.

Tazama pia aina ya sindano. Ile ya kukata ya kawaida ina makali upande wa ndani wa tao, upande unaotazama kidonda, hivyo huacha mkato mdogo unaoelekea ukingoni, na uzi ukikazwa hupita hapohapo. Iliyo na makali upande wa nje wa tao ndiyo inayofaa zaidi kwa ngozi na kwa pedi.

Na kama mstari huohuo umeshonwa tangu mwezi jana, umechoka. Chora mstari mpya kwa bledi, ukate tabaka la juu na la mafuta, uache la chini likiwa zima.

Sindano inapinda, au inageuka ndani ya nidoholda

Mara nyingi sababu ni mahali uliposhika. Gawa sindano sehemu tatu kwa macho: shika pale theluthi ya mwisho inapoanza, yaani theluthi mbili kutoka kwenye ncha. Ukishika mkiani kabisa, pale uzi ulipounganishwa, chuma ni dhaifu na hupinda au kuvunjika. Ukishika karibu na ncha, unaiua ncha na safari yako inakuwa fupi. Sindano ikae kwenye ncha za nidoholda, isizame kati ya taya, na isimame pembe ya nyuzi 90 na koleo.

Ukishashika sawa na bado inageuka, jaribu koleo lenyewe. Bana sindano ya ukubwa wa kati, funga mpaka jino la pili la kifungio cha koleo, kisha jaribu kuigeuza kwa kibano. Ikizunguka kirahisi, taya zimelika. Nidoholda za bei ya chini huja hivyo zikiwa mpya, na hakuna mkono utakaoziponya. Azima nyingine uone tofauti kabla ya kujihukumu.

Sindano iliyoharibika tao lake kwa kupinda usiinyooshe. Chuma kilichopindwa mara mbili hukatika, na kipande hurukia usoni. Sindano ya ncha ya mviringo isiyo na makali, iliyotengenezwa kwa ajili ya utumbo na tishu laini, nayo itakupa tabu kwenye silikoni na kwenye ngozi pia. Hapo si pedi wala mkono, umechukua pakiti isiyo yenyewe.

Uzi unang'ang'ania

Hili ni la pedi. Silikoni ina msuguano mkubwa, hasa ikiwa mpya au imeshikwa na mikono yenye mafuta. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe, ipake poda ya mtoto kidogo, upunguze ya ziada kwa kitambaa. Nailoni, ambayo ni uzi mmoja laini, hupita vizuri kuliko hariri au Vicryl (uzi unaoyeyuka mwilini) ambazo zimesukwa. Ukiona uzi unaburuza pedi nzima mezani, tandika kitambaa chenye maji chini yake au ipigilie kwenye kipande cha ubao.

Fundo linaachia

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa kuwa mshono uliopita vizuri na fundo bovu ni sawa na kutoshona.

Shika uzi mmoja wa fundo lililoachia, usukume fundo juu yake. Likikimbia kwenye huo uzi, basi uliushikilia upande mmoja ukiwa umekazwa huku wa pili ukiuzungusha. Hukutengeneza fundo, umetengeneza kitanzi kinachoteleza. Kila mpindo, yaani kila mzunguko mmoja unaojenga fundo, lazima ncha zote mbili za uzi zivutwe kwa nguvu sawa, fundo lilale bapa, ndipo mpindo unaofuata uanze. Likiwa halikimbii bali linalegea lenyewe taratibu, angalia mwelekeo wa mipindo. Ukizungusha mara zote upande uleule unapata fundo potofu, ambalo machoni linafanana na lile sahihi na hudanganya hata msimamizi aliye na haraka.

Njia rahisi ya kuliona kosa hili ni kuacha sindano kabisa. Chukua kamba mbili za viatu za rangi tofauti, ziunganishe, zizungushe kwenye mguu wa meza, ufunge mipindo miwili. Kwenye fundo sahihi, rangi moja inaingia na kutoka pamoja upande mmoja wa kitanzi cha mwenzake. Kwenye fundo potofu, rangi hiyo inaingia juu na kutokea chini. Ukishaliona kwa kamba nene, utalitambua hata kwenye uzi wa 4-0.

Kwa kufunga kwa nidoholda, mazoea mawili yanatosha kumaliza sehemu kubwa ya shida. Kwanza, koleo lianzie katikati ya uzi mrefu na mkia mfupi, juu ya kidonda, kila mpindo. Zungusha uzi mrefu juu yake mara mbili, bana mkia, vuta. Rudisha koleo katikati, zungusha mara moja, bana mkia, vuta. Likianzia katikati kila mara, mwelekeo hujibadilisha wenyewe bila kukariri. Pili, fuatilia mkia mfupi: ulianza upande wa mbali, baada ya mpindo wa kwanza uwe upande wako, baada ya wa pili urudi mbali. Ukiona umebaki ulipokuwa, hukuvusha mikono, na huo mpindo urudie.

Mkia wenyewe uwe sentimita 2 au 3. Wa urefu wa kiganja hunaswa ndani ya kitanzi na kukupotezea uzi.

Nailoni ina tabia yake. Hukumbuka ilivyokunjwa kwenye pakiti na hutaka kurudia mikunjo hiyo, kwa hiyo mpindo wa kwanza hulegea kabla hujafika wa pili. Inyooshe kwa kuivuta polepole kati ya vidole kabla ya kuanza, ukiwa umeibana sindano mbali na mkono. Ndiyo sababu pia mpindo wa kwanza huwa wa mara mbili. Hariri hushika kwa mipindo mitatu iliyolala vizuri. Nailoni ipe minne au mitano. Acha ncha za milimita 5 hivi, maana zikikatwa karibu sana fundo la nailoni hujifungua, na za mshono wa ngozi zitahitajika siku ya kutoa nyuzi.

Kuna mtego mmoja hapa. Pedi iliyolala mezani haina mvuto. Kingo zake zimekaribiana zenyewe, na fundo baya hudumu juu yake kwa sababu hakuna kinacholivuta. Funga pedi kwa raba kuzunguka chupa ya soda ili kidonda kifunuke, kisha shona. Mafundo yako mengi ya jana yataachia hapo hapo, na sasa utajua ni yapi.

Kingo zinaingia ndani, au upande mmoja uko juu

Kingo zinazojikunja kuelekea ndani hutokana na sindano iliyoingia mshazari. Uzi ukipita chini kwa njia nyembamba kuliko juu, ukikazwa unavuta ngozi ya juu ndani. Ingia wima, na njia ya chini iwe pana sawa na ya juu au zaidi kidogo. Kingo zitainuka na kugusana. Zikikataa, piga mshono wa kwenda na kurudi: mbali na mbali, kisha karibu na karibu, kwenye mstari mmoja. Mshono huo huinua kingo karibu kila mara, na kwenye pedi unafaa sana kwa kujifunza kuona kingo zilizoinuka zinafananaje.

Upande mmoja ukiwa juu, kina hakilingani. Ulio juu chukua kidogo, ulio chini chukua kwa kina zaidi. Pedi iliyochoka ina faida yake hapa: ikate kwa bledi kukatiza mshono wako, utazame njia ya uzi kwa macho. Hakuna mgonjwa atakayekuruhusu hivyo.

Ukibakiwa na nundu mwishoni mwa mstari, upande mmoja umechukua urefu mwingi kuliko mwingine. Anza na mshono wa katikati, kisha katikati ya kila nusu, na kuendelea hivyo, badala ya kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine.

Yale ambayo pedi haikwambii

Pedi haivimbi. Kidonda cha mtu huvimba siku mbili tatu za kwanza, na mshono uliokazwa mpaka ngozi ikakunjamana utazuia damu kufika kwenye kingo na kuacha alama za ngazi. Kwenye silikoni mshono huohuo unapendeza, na watu huupiga picha. Kanuni yangu ni ngumu kidogo: ukiona mikunjo kati ya mshono na mshono, kata urudie, hata kama fundo ni zuri. Kingo zigusane, zisibanwe.

Pedi haiumii kwa kibano. Unaweza kuiminya ukingo kwa meno ya kibano jioni nzima na isionyeshe chochote, wakati ukingo wa ngozi uliominywa hivyo hufa. Kwa hili pedi ni mwalimu mbaya, na ganda la ndizi ni mwalimu mzuri. Ndizi hazina shida huku. Za Rungwe zimejaa kila soko kuanzia Tukuyu mpaka Mwanjelwa. Kata mstari kwenye ganda, ulishone, uliache. Baada ya muda kila mahali ulipobana kwa nguvu patageuka peusi. Hesabu madoa hayo mwenyewe. Unachotaka ni kuinua ukingo kwa jino moja la kibano kutoka chini, bila kuubana juu na chini.

Mguu wa nguruwe kutoka bucha la kitimoto unafundisha ukinzani wa ngozi halisi na mafuta yanayoteleza, vitu ambavyo silikoni inaviiga kwa shida. Asiyegusa nguruwe achukue paja la kuku lenye ngozi. Ni nyembamba, na huadhibu mkono mzito haraka. Vifaa vilivyogusa nyama vioshwe na kukaushwa siku hiyohiyo, na hiyo nyama isirudi jikoni.

Halafu kuna vidole. Kwenye pedi, karibu kila anayeanza hushika sindano kwa vidole ili kuipanga kwenye koleo, kwa sababu hakuna damu na hakuna hofu. Mazoea hayo yanaingia wodini bila kubisha hodi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, ikifuatiwa na Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6. Anayejifunza kushona katika mikoa hii hana anasa ya kujifunza usalama baadaye. Sindano ipangwe kwa kibano, hata kwenye silikoni, hata ukiwa peke yako chumbani. Ukimaliza iingie sefti boksi (kasha la kutupia vitu vyenye ncha kali), si chupa ya maji iliyo mfukoni mwa begi. Nyuzi zilizopita muda wake ambazo thieta (chumba cha upasuaji) hukupa kwa mazoezi ziandikwe hivyo kwa kalamu nene, zisichanganyike tena na za wagonjwa. Usitumie kamwe sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu, na ukichomwa na sindano usiyoijua, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa mara moja, uanzishiwe dawa kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo. Mwisho ni saa 72 tangu kuchomwa.

Mkono unatetemeka

Kwa Juni na Julai, mtu wa Makete au Njombe asitafute sababu za mbali. Silikoni haijali baridi hiyo, ila vidole vinakakamaa na nailoni nayo inakuwa ngumu zaidi kunyooka. Loweka mikono kwenye maji ya moto kiasi, iache pakiti ya uzi mfukoni kabla ya kuanza. Chai ya Mufindi inywe, lakini kahawa kali ya Mbozi iache mpaka umalize.

Kama si baridi, ni mkao. Egemeza viwiko au kisigino cha kiganja mezani, meza ifike usawa wa kiwiko, kiti kiwe karibu. Kidole cha shahada kilale juu ya mwili wa nidoholda, gumba na kidole cha pete viingie kwenye pete kwa ncha tu. Anayesukuma vidole mpaka ndani ya pete atatetemeka, na kifundo chake hakitazunguka vizuri.

Pedi inanata na imejaa madoa

Ioshe, ikaushe, ipake poda, uihifadhi bapa kwenye mfuko safi. Wino wa kalamu ya kawaida na wa gazeti huingia ndani ya silikoni na hautoki, kwa hiyo usiifunge kwenye gazeti na mistari ichore kwa penseli au kwa bledi. Ikishakuwa na mistari mingi mpaka hakuna nafasi ya milimita 5 kila upande, igeuze. Pedi nyingi hushoneka upande wa nyuma pia.